Bwawa moja, mwaka mzima: namna ya kuanza kutazama ndege Bamburi

Mtu akiniuliza aanzie wapi kutazama ndege, humwambia achague bwawa moja lililo karibu na kwake, alirudie mpaka alijue kama anavyojua sebule yake. Wengi huanza na ndoto ya Tsavo au Ziwa Nakuru. Wananunua darubini, wanasubiri likizo, likizo haiji, darubini inaingia kabatini. Kenya ina aina zaidi ya 1,000 za ndege, na anayewakimbilia wote kwa pamoja hamjui hata mmoja. Ndege kumi wa bwawa moja, ukiwajua sawasawa, watakufungulia njia ya kuwajua wengine wote.

Bwawa langu liko Haller Park, Bamburi, kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, na mifano mingi humu nimeitoa pale. Wewe unaweza kufanya vivyo hivyo kwenye lambo la shule, bustani ya mtaa, au hata dimbwi kubwa la mvua linalokaa miezi mitatu nyuma ya nyumba zenu.

Kwanza nieleze kwa nini napapenda. Pale palikuwa machimbo. Kiwanda cha saruji kilichimba mawe ya matumbawe mpaka ukabaki uwanja mweupe unaochoma macho, hauna udongo hata wa kuotesha mchicha. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, akaanza kujaribu kupanda miti. Katika aina 26 alizojaribu, zilizostahimili ni tatu tu, mmojawapo mvinje, huu huu unaouona pwani yote. Mvinje ukaota, lakini majani yake membamba kama sindano yakawa yanalundikana chini bila kuoza. Waliotatua hilo ni jongoo. Waliletwa wakayala majani, wakatoa mboji, na udongo ukaanza kujengeka. Sehemu zilizochimbwa mpaka kufikia maji ya ardhini zikawa mabwawa. Kisha ndege wakaanza kuja, wengi wao kwa mbawa zao wenyewe. Kila ninapomwona mdiria, yule ndege mvuvi wa samaki, juu ya maji yale nakumbuka kwamba babu zake hawakuwa na sababu yoyote ya kutua pale.

Hatua ya 1: Tafuta kikao chako

Usianze kwa kutembea. Anayetembea kando ya bwawa huwatimua ndege mbele yake kama mtu anayefagia, kisha analalamika kwamba hakuna kitu. Zunguka mara moja tu siku ya kwanza ukitafuta pa kukaa, na ukipapata, pafanye pako.

Kikao kizuri kina mambo machache. Jua liwe mgongoni kwako, la sivyo kila ndege atakuwa kivuli cheusi. Bamburi jua la asubuhi linatokea upande wa bahari, kwa hiyo mimi hukaa ukingo wa mashariki, uso nimeuelekeza bara. Jioni nahamia upande wa pili. Uone maji na ukingo wa tope kwa pamoja, maana ndege wa majini wengi hawaogelei, hutembea pale maji yanapokutana na ardhi. Na uwe na mti au kichaka nyuma yako ili umbo lako lisisimame peke yake kwenye anga.

Nguo ziwe za rangi ya udongo, majani makavu au kijani kilichofifia. Kanzu nyeupe inapendeza sana, lakini kando ya bwawa inaonekana kutoka ng'ambo. Leta maji ya kunywa, na dawa ya mbu kama ni jioni.

Jambo moja la usalama, na nalisema kwa uzito: kwenye mabwawa yenye mamba au viboko, kama yalivyo baadhi ya yale ya Haller Park, usivuke uzio wala kutoka kwenye njia hata hatua moja, hata kama ndege mwenyewe hujawahi kumwona maishani. Uliza wahudumu. Kwenye bwawa lisilo na uzio kaa mita kadhaa kutoka kwenye maji, na uwaulize wenyeji kabla ya kukaa.

Hatua ya 2: Chagua saa

Kama bwawa lako halina geti, uwe umeshakaa saa kumi na mbili na robo asubuhi. Saa mbili zinazofuata ndizo za dhahabu: ndege wana njaa, hewa ni baridi, wanaimba. Kufikia saa nne jua limeshakuwa kali, wengi wameingia kivulini na wewe umeanza kufikiria chai. Kama ni mahali penye kiingilio na saa za kufungua, uwe mlangoni kunapofunguliwa, kabla ya mabasi ya wanafunzi, au njoo saa kumi alasiri jua linapolegea.

Mvua ya asubuhi isikurudishe nyumbani. Subiri chini ya paa. Dakika kumi baada ya mvua kukatika ndege hutoka kukausha mbawa na kuokota wadudu, na hutawaona wengi namna hiyo siku nyingine yoyote.

Hatua ya 3: Darubini, na namna ya kuirekebisha

Unaweza kuanza bila darubini. Mwezi wangu wa kwanza nilitumia macho matupu, na bado naona ulinifaa, kwa sababu nililazimika kutazama mwendo na umbo badala ya kukimbilia rangi. Lakini utaitaka, basi ununue kwa akili.

Kwenye darubini kuna namba kama 8x42. Ya kwanza ni mara ngapi inakikuza kitu. Ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, na kadiri ulivyo mkubwa ndivyo mwanga unavyoingia zaidi. Kwa bwawa, 8x42 au 8x32 inatosha kabisa. Muuzaji atakusifia zile zinazokuza mara 20 au 30. Mikono ya binadamu haiwezi kuzituliza. Utaona ndege anacheza kama picha ya televisheni mbovu.

Darubini yangu ya kwanza niliinunua mjini bila kuijaribu nje ya duka. Nilipofika bwawani kila ndege alikuwa wawili, na baada ya nusu saa kichwa kilikuwa kinapasuka. Kumbe mirija miwili haikuwa sambamba. Kwa hiyo kabla ya kulipa, toka nje, elekeza darubini kwenye waya wa umeme ulio mbali na utazame kwa macho yote mawili. Ukiona waya mmoja uliotulia, sawa. Ukiona wawili, au ukihisi macho yanavutwa, irudishe mezani na uende zako.

Ukishakuwa nayo, irekebishe hivi. Ikunje katikati mpaka duara mbili ziwe duara moja. Ziba kioo cha mbele cha kulia kwa kiganja, tazama maandishi ya mbali, bango la duka kwa mfano, na uzungushe gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione herufi kali. Sasa ziba kioo cha kushoto, usiguse gurudumu la katikati, uzungushe pete ndogo iliyo kwenye jicho la kulia mpaka herufi zikae vilevile. Kumbuka pete imesimama wapi. Kuanzia hapo utatumia gurudumu la katikati peke yake. Watu wengi wamekaa na darubini miaka bila kujua kazi ya pete hiyo, na wakidhani macho yao ndiyo mabovu. Kama unavaa miwani, shusha vikombe vya mpira vya machoni ili miwani ifike karibu na kioo.

Namna ya kumpata ndege: mtazame kwa macho, usiyaondoe kwake, kisha ipandishe darubini mpaka ikutane na macho yako. Ukianza kwa kuangalia darubini halafu ukamtafuta ndege, ameshaondoka. Jizoeze kwa nazi juu ya mnazi.

Pwani unyevu ni adui. Kuvu huota ndani ya vioo na haviponi tena. Hifadhi darubini kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko, pamoja na vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Vumbi lipulize kwanza ndipo ufute. Ukifuta kioo kwa pindo la shati lenye mchanga unakikwaruza.

Hatua ya 4: Tazama ndege mmoja kwa dakika kumi

Hii ndiyo hatua ninayoijali kuliko zote, na ndiyo watu wanayoiruka. Wanamwona ndege, wanataja jina, wanahamia kwa mwingine. Fanya kinyume. Mchague mmoja, mtazame dakika kumi kamili kwa saa, hata kama humjui jina.

Anza na mdiria mweusi kwa mweupe, yule mwenye kishungi anayekaa kwenye tawi au waya juu ya maji. Mwanzo utaona ndege wa rangi mbili basi. Baada ya dakika mbili utaona kwamba anainamisha kichwa, ananyoosha shingo, anapima. Kisha anaruka, anasimama hewani juu ya maji, mbawa zinapiga kwa kasi, mwili umeinama, mdomo umeelekea chini, lakini kichwa kimetulia tuli kana kwamba kimefungwa kwa uzi. Anashuka hatua moja, anasimama tena, halafu anajiachia. Akitoka na samaki anarudi tawini, anampigapiga samaki kwenye mti mpaka atulie, anamgeuza kichwa kitangulie ili mapezi yasimkwame kooni, anammeza. Sasa angalia kifua. Ukiona mikanda miwili myeusi, ya juu pana na ya chini nyembamba, ni dume. Mkanda mmoja, mara nyingi uliokatika katikati, ni jike. Hilo hukuliona dakika ya kwanza, na hakuna aliyekuzuia kuliona.

Ndege yeyote mtazame pia anaporuka. Kuna korongo mdogo mnene wa rangi ya tope ambaye akisimama ukingoni unaweza kumpita hatua tatu usimwone. Akishtuka na kuruka, mbawa zinafunguka nyeupe pee, ukadhani ni ndege mwingine. Ningemwandika mara mbili kama nisingemfuata kwa macho mpaka alipotua na kuwa tope tena.

Hatua ya 5: Jifunze makundi kwanza, kisha tenganisha

Lugha yetu ina majina mazuri ya makundi. Mdiria, korongo, mnandi, kwarara, kukuziwa, mbayuwayu, chozi, keremkerem, furukombe, mwewe. Mnandi ni yule mweusi mwenye shingo ndefu anayezamia, kisha anasimama juu ya jiwe na mbawa wazi kama aliyeanika nguo. Kwarara ana mdomo mrefu uliopinda chini. Kukuziwa huogelea kando ya matete akitikisa mkia, na paji lake la uso ni jekundu. Kwa mtu anayeanza, kuandika "kwarara" ni rekodi nzuri. Usione haya.

Shida huja pale jina moja linapobeba ndege wengi, na yangeyange ndiye mfano bora. Watu huita yangeyange kila ndege mweupe wa miguu mirefu. Lakini tazama mdomo na miguu. Mwenye mdomo wa manjano, shingo fupi, anayefuata ng'ombe au mashine ya kukata nyasi na kudaka panzi, huyo ni wa nchi kavu zaidi, na utamkuta hata uwanja wa mpira. Mwenye mdomo mweusi na miguu myeusi lakini nyayo za manjano, kama aliyevaa soksi, ni yule mdogo wa majini, anayekimbia kwenye maji mafupi na kutikisa mguu mmoja kuwatimua samaki wadogo. Na yule mkubwa, shingo imejikunja kama herufi S, miguu na nyayo vyote vyeusi, husimama bila kutikisika mpaka ukachoka wewe. Kwa hiyo ukimwona ndege mweupe, uliza nyayo kwanza. Kama amesimama ndani ya maji, subiri atoke.

Mzee mmoja mtunza bustani alinikuta siku moja nimeinama nikitazama nyayo za ndege, akaniuliza, "Mwanangu, wamtafuta nani?" Nikamweleza. Akacheka, akasema, "Yule mwenye manjano miguuni twamwona siku zote, ila hatujamuuliza jina." Tangu hapo akiona kitu kigeni bwawani huniwekea habari yake mpaka Jumamosi. Watu wanaofanya kazi mahali wanajua zaidi yako. Wasalimie, kaa nao, uliza.

Hatua ya 6: Tafuta mti wa mnana

Karibu kila bwawa la pwani lina mti mmoja unaoning'inia juu ya maji, umejaa viota kama matunda. Huo ndio mti wa mnana, ndege mdogo msuka viota, na kama una mtoto wa kumtia hamu ya ndege, mlete hapa kabla ya mahali pengine popote.

Bamburi utakutana na mnana wa aina zaidi ya moja. Yupo wa dhahabu mwenye kichwa cha rangi ya chungwa iliyoiva na jicho jeusi, Ploceus bojeri kwa jina la kisayansi. Huyo ni wetu hasa: makazi yake ni Afrika Mashariki tu, na pwani ya Kenya amejaa. Yupo anayefanana naye, wa manjano, lakini jicho lake lina wekundu na kichwa hakikolei chungwa namna hiyo. Na yupo mwenye kichwa cheusi na jicho jekundu, ndiye mwenye kelele kuliko wote. Majike wana rangi za kufifia, na kuwatenganisha ni kazi ya mwaka wa pili. Waandike "mnana jike" uendelee.

Mfuate dume mmoja anayejenga. Anatua kwenye kuti la mnazi au jani la tete, anauma ukingo wa jani karibu na shina, kisha anaruka akiwa ameushika, na jani linapasuka ukanda mrefu mwembamba kama ukindu wa kusukia mkeka. Anarudi nao mtini ukipepea nyuma yake. Mwanzo anafunga fundo kwenye kijiti, kisha anasuka duara, na anasimama ndani ya duara hilo akisuka kwa mdomo, anapitisha, anavuta, anapitisha. Duara ndiyo nguzo. Upande mmoja inakuwa chumba, upande wa pili mlango. Kiota kikiwa bado kibichi ananing'inia mlangoni kichwa chini, anapepesa mbawa na kupiga kelele kila jike anapopita. Jike anaingia, anakagua, anavuta nyuzi kujaribu kama zimekaza. Asiporidhika anaondoka. Kiota kikikaa siku nyingi bila mwenyeji kinageuka kahawia, na dume mwenyewe mara nyingi hukifumua chote, akaanza upya na majani mabichi. Nimewahi kukaa asubuhi nzima nikimwangalia mmoja anafumua. Hakusita hata kidogo. Ukanda baada ya ukanda ulianguka majini.

Ukiwa hapo, andika viota vibichi ni vingapi na vya kahawia ni vingapi. Wiki ijayo hesabu tena. Kwa njia hiyo utajua msimu wa kuzaa wa bwawa lako bila kumuuliza mtu, na kwa kawaida masika yakishika utaona kijani kinaongezeka.

Utamwona pia kunguru. Yule mwenye shingo ya kijivu ni mgeni kutoka Bara Hindi. Aliletwa Unguja miaka ya 1890 na Mombasa alionekana mara ya kwanza mwaka 1947. Anaiba mayai na makinda, na mti wa mnana ndio duka lake. Kunguru wetu wa asili, mwenye kifua cheupe, imekuwa nadra kumwona mjini, na linaniuma. Waandike kunguru wote wawili, kwa hesabu, kila unapokwenda.

Hatua ya 7: Fungua masikio

Funga macho dakika tano. Nusu ya ndege wa bwawani utawasikia kabla ya kuwaona, na wengine hutawaona kabisa. Shore, yule mwenye kichwa cheusi na manjano chini ya mkia, huwa wa mwanzo alfajiri. Dudumizi hujificha kichakani na kutoa mlio unaoshuka kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa; wazee husema akilia mvua i karibu. Mdiria yule wa bwawani hupiga kelele kali za haraka anaporuka na mwenzake.

Simu inasaidia. Programu ya Merlin ya Chuo Kikuu cha Cornell, inayosaidia kutambua ndege, ni ya bure, hupakuliwa pamoja na orodha ya ndege wa nchi yako na hufanya kazi bila intaneti. Itumie kama rafiki anayependekeza, ndege umtafute mwenyewe umthibitishe. Kosa lisilosameheka ni kucheza sauti ya ndege kwa nguvu ili aje karibu, hasa msimu wa viota. Dume anaacha kulisha makinda kuja kupigana na simu yako.

Hatua ya 8: Andika palepale

Daftari dogo na penseli. Wino hulia kwenye unyevu. Andika tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, hali ya hewa, kisha ndege, idadi na alichokuwa anafanya. Hii ni moja ya kurasa zangu: "Jumamosi, saa 1:10 hadi 2:50 asubuhi. Mawingu, upepo hafifu wa kusi. Mdiria mweusi-mweupe 3, dume 2. Yangeyange soksi za manjano 1. Kukuziwa 2 na vifaranga 4, wameingia matete. Viota vya mnana: vibichi 17, kahawia 9. Kunguru shingo ya kijivu 11. Ndege asiyejulikana 1: kimo cha tetere, mgongo kahawia, mstari mweupe juu ya jicho, anatembea ameinama."

Huyo asiyejulikana ndiye wa thamani. Usimpe jina la kubahatisha. Mchore hata kama hujui kuchora: duara la kichwa, yai la mwili, mdomo, miguu, na mishale kuonyesha rangi. Nyumbani utafungua kitabu ukiwa na ushahidi badala ya kumbukumbu inayobadilika kila ukurasa.

Mkiwa kundi, elekezaneni kwa uso wa saa: mti uliokufa ni katikati, ndege yuko upande wa namba fulani. Lakini kubalianeni kwanza. Mmoja akisema "saa tatu", mwingine atatazama namba 3, na mwingine, aliyezoea saa zetu, atatazama mkono wa saa tatu asubuhi, yaani namba 9, upande wa pili kabisa. Sisi tunasema "namba tatu ya saa" na ugomvi umeisha.

Hatua ya 9: Rudi, na ufuate pepo

Nenda mara moja kwa wiki ukiweza, mara mbili kwa mwezi angalau, siku na saa ileile. Utamu unaanza baada ya miezi mitatu, unapoanza kumjua asiyekuwepo.

Kuanzia Agosti na Septemba tazama ukingo wa tope. Atakuwepo ndege mdogo wa kahawia, tumbo jeupe lililopanda mbele ya bega, anayetembea akitikisa nyuma bila kukoma. Amezaliwa kaskazini mwa dunia, Ulaya au Asia, na sasa anaokota wadudu Bamburi. Kisha anakuja mbayuwayu wa koo jekundu, mwenye uzito wa gramu 20 hivi, amevuka jangwa la Sahara au Uarabuni. Kaskazi ikivuma, kati ya Novemba na Machi, inua macho utafute keremkerem mwekundu, kundi zima kama makaa yanayopeperuka. Aprili, kusi inaporudi na masika kuingia, bwawa linabaki na wenyeji wake. Mababu walisafiri na pepo hizi kwenda Maskati na kurudi. Ndege hawa wana kalenda inayokaribiana na ile.

Adabu za bwawani

Usiwatupie ndege mkate. Huwajazia tumbo bila kuwalisha, na mabaki huoza yakachafua maji. Usisogelee kiota kwa ajili ya picha. Kenge na kunguru wanafuata njia uliyoifungua. Mtoto mwenye manati usimfokee, mpe darubini ashike dakika tano. Nimeshawapata wasaidizi wawili wazuri kwa njia hiyo.

Usielekeze darubini kwenye nyumba za watu, kambi, kituo cha polisi wala geti la kiwanda. Jitambulishe kwa mlinzi kabla hujaitoa kwenye mfuko, mwonyeshe daftari, mwache atazame naye. Mwanamke anayekwenda peke yake, ni vyema apatikane wa kuandamana naye alfajiri, na mwanamume vilevile kwenye bwawa asilolijua.

Hatua ya 10: Toa ulichoandika

Orodha iliyobaki daftarini inamfaa mtu mmoja. Iingize kwenye eBird, hazina ya mtandaoni ya orodha za ndege, ambayo ni bure, au kwenye mradi wa Kenya Bird Map, unaoigawa nchi katika miraba ya takriban kilomita 9 kwa 9 na kukusanya orodha za watu wa kawaida kama wewe. Mabwawa ya mitaani yana rekodi chache, kwa hiyo orodha yako ya kukuziwa na yangeyange ina kazi. Ukiwa Nairobi, shirika la Nature Kenya huandaa matembezi ya ndege kila Jumatano asubuhi kutoka Makumbusho ya Taifa, yaliyoanzishwa mwaka 1971 na Fleur Ng'weno; hakuna njia ya haraka ya kujifunza kama kusimama karibu na mtu anayejua. Pwani, ukishalizoea bwawa lako, panda mpaka Nguuni, kilomita chache kutoka Haller Park, penye mabwawa na mikoma, ujaribu macho yako mahali papya.

Lakini kwa wiki hii, Jumamosi, daftari, penseli, na ule mti unaoning'inia juu ya maji. Anza kwa kuhesabu viota vibichi.